Nilivyompa Mwenyekiti Nambari Moja

Ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na maisha yangu yote nimelitumia bila shida, kwa watoto, kwa wauzaji wa bima, hata kwa ng'ombe aliyetaka kuingia jikoni. Lakini Ijumaa ile, yapata saa tano asubuhi, Mzee Maghanga aliposimama nyuma ya kiti changu akiegemea fimbo yake na kuniambia, "Karani, niweke nambari moja," mimi Mwakio, mtu mzima wa miaka sabini na moja, nikajibu, "Hilo ni jambo dogo, mzee." Na kweli lilikuwa dogo. Lilichukua sekunde kama nane hivi.

Naona haya kulisimulia, ila watu wa Voi wamelisimulia kwa niaba yangu muda mrefu na kila mmoja analitia chumvi yake (kuna anayeapa kwamba ndovu halisi waliingia ukumbini, jamani), kwa hivyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba moja la mkonge miaka thelathini na kitu, na nilipostaafu nilirudi kwangu na mikono isiyojua kutulia. Mtu aliyezoea kuhesabu misumari na makoleo hawezi kuamka tu akaota jua. Nilipanga upya kabati za jikoni mara mbili mpaka mama watoto akanifukuza. Nikapanga mawe ya uani kwa ukubwa. Mwishowe kitinda mimba wangu, Wakesho, aliyekuwa akitengeneza gemu la kompyuta katika chumba chetu cha mbele, alinihurumia (au alimhurumia mamake, sijui) akaniambia, "Baba, njoo unisaidie na faili."

Gemu lake linaitwa Linda Shamba. Wewe ni mkulima wa Kasigau, chini ya mlima, una mahindi yako na kunde, na ndovu wanatoka mbugani wakiwa na nia ya kuvuna kabla yako. Bunduki huna. Una debe la kupiga, una moshi wa pilipili, na juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, kuna nyanya mmoja mzee ambaye huwaona ndovu kabla hujawaona, naye hukuambia wanatokea upande gani. Ukimsikiliza unavuna. Usipomsikiliza unalala njaa. Ndilo gemu lote.

Sauti ya nyanya huyo ilikuwa ya mama mdogo Malemba.

Mama mdogo Malemba alikuwa mdogo wa mamangu. Mamangu alipofariki nikiwa darasa la pili, yeye ndiye alinichukua kutoka Wundanyi akanishusha Kasigau, akanilea na wanawe, na msimu wa mahindi nilikuwa nikipanda naye dungu na blanketi moja. Wenzake walikuwa wakiwatukana ndovu na kuwarushia vijinga vya moto. Yeye alizungumza nao. Kulikuwa na dume moja kubwa lenye pembe iliyovunjika, hilo alikuwa akiliita shemeji, kwa sababu, alisema, shemeji akija bila kualikwa humfukuzi kwa matusi, unamwambia hali ilivyo. Basi alikuwa akivuta sauti kwa Kidawida, lugha yetu, sauti ndefu, inapanda halafu inashuka kama mtu anayeteremka mlima bila haraka: "Shemeji, leo hatujapika. Rudi." Na nawaambia, mara nyingi lile dume lilirudi.

Tulikwenda kwake mimi na Wakesho wakati wa kiangazi, na kinasa sauti kidogo cha kutosha mfukoni, tukamrekodi siku mbili. Alitoa maneno arobaini na mawili (nilihesabu, bila shaka). Nilipofika nyumbani nikahamisha yote kwenye laptopu ya Wakesho na kukifuta kinasa sauti, maana sipendi kitu kikae na mzigo wa jana.

Miezi miwili baadaye kiharusi kilimpiga mama mdogo. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Akili ilibaki, macho yalibaki, hata kicheko kilibaki, lakini hakusema tena neno la kueleweka. Kwa hivyo Wakesho alipopanga kulionyesha gemu lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa hapa Voi, Mghoi, binti ya mama mdogo, alinipigia simu akasema, "Kaka, tunamleta. Tumekodi pikapu. Nimemwambia atajisikia akiongea, na tangu nimwambie anashika sikio lake na kucheka peke yake."

Sasa kuhusu kazi yangu. Gemu lilikuwa na sauti mia nne na kumi na mbili, kila moja ni faili yake: ndovu, mbuzi, mvua, jogoo, hatua za miguu, mchungaji, majirani, na mama mdogo. Huwezi kukaa ukibadilisha jina la kila faili kwa mkono, utazeeka (mimi nilikuwa nimeshazeeka, lakini hata hivyo). Wakesho alinifundisha kuandika skripti. Skripti ni kama barua ya amri kwa kompyuta: chukua faili ya kwanza, ifanyie hivi, nenda ya pili, ifanyie hivyo hivyo, usiulize maswali, endelea mpaka mwisho. Loo, nililipenda jambo hilo! Miaka thelathini niliandika barua za amri kwa vibarua na hakuna hata mmoja aliyetii namna hiyo. Niliandika skripti ya kuzipa faili nambari kuanzia 001 mpaka 412. Nikaandika nyingine ya kupunguza makelele ya upepo. Nilitembea sokoni nikiwaeleza watu ambao hawakuuliza.

Alhamisi Wakesho alimrekodi Mzee Maghanga, mwenyekiti wa wazee wa ukoo wetu, akitoa salamu za kufungulia gemu. Alisema, kwa sauti yake ile ya mkutano: "Itifaki ikizingatiwa, mimi Mwenyekiti Maghanga nawakaribisha nyote. Kaeni kwa utaratibu, simu zizimwe." Kwa kuwa alikuja mwisho, faili yake ikapata nambari 413.

Ijumaa asubuhi Wakesho akaenda ukumbini kupanga viti na kujaribu projekta. Kabla ya kutoka alivaa kiatu kimoja, akasimama, akanitazama. Ananijua.

"Baba, folda ya sauti imeshakamilika. Tafadhali usiiguse mpaka Jumapili."

"Nitaigusa kwa nini?"

"Sijui. Usiiguse tu."

Sikuigusa kwa dakika kama arobaini. Nilikunywa chai. Nilifagia ambapo palikuwa pamefagiwa. Kisha Mzee Maghanga akabisha hodi, amepita kusikia sauti yake ilivyotoka, na mimi nikafungua laptopu kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni wa kumringia. Nikamfungulia folda, nikateremsha orodha mpaka chini kabisa, nikamwonyesha faili yake.

Alivaa miwani, akasoma. Akainama zaidi.

"Hiyo nyingine juu yangu ni nani?"

"Mia nne na kumi na mbili? Huyo ni mbuzi, mzee."

"Mbuzi."

"Akilia. Amefungwa."

"Na juu ya mbuzi?"

"Mbuzi mwingine."

Akavua miwani. "Karani," akasema pole pole, "mimi sina majivuno, unanijua. Lakini kesho watakuja wazee kutoka Wundanyi, watakuja wa Kasigau, na hao Wakamba na Wakikuyu wa sokoni watakuja. Mwenyekiti anawezaje kuwa nyuma ya mbuzi wawili? Niweke nambari moja."

Hapa ndipo pa kujilaumu, na sitaki kupapita haraka. Nilijua kabisa kwamba nambari ile haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa jina la faili tu, kitu ambacho hakuna mtu angekiona ukumbini. Sauti yake ndiyo gemu lingefungulia, awe nambari moja au nambari elfu. Alikuwa wa kwanza tayari. Ningemweleza kwa sentensi mbili na angenielewa, si mtu mgumu. Lakini kumweleza mzee kwamba amekosea ni kazi, na kumwambia ndiyo mzee si kazi. Na kuna kitu kingine, nikiri: nilipojibu kwamba ni jambo dogo aliniuliza, "Unaweza kweli? Wote mia nne wasogee?" na ule mshangao wake ukaniingia kama pombe.

Nikaandika skripti. Nilifikiri vizuri, au nilidhani. Kumpisha mwenyekiti mbele, kila mmoja lazima asogee nafasi moja: wa kwanza awe wa pili, wa pili awe wa tatu, mpaka mbuzi wa mwisho awe wa mia nne na kumi na tatu. Nikamweka mwenyekiti mlangoni kwanza, kwenye 000, kisha nikaiamuru kompyuta: chukua iliyo 000 uinakili juu ya 001, chukua iliyo 001 uinakili juu ya 002, endelea hivyo hadi mwisho. Nikakumbuka hata ile orodha ambayo gemu husoma ili kujua nambari gani ni ya nani, nayo nikaisogeza nambari moja. Kwa hilo nilijipongeza sana. Nikabonyeza.

Sekunde nane.

Nikaifuta ile 000 ya mlangoni, nikahesabu faili: mia nne na kumi na tatu, kamili, hakuna iliyopungua. Nikafungua nambari moja: "Itifaki ikizingatiwa, mimi Mwenyekiti Maghanga..." Safi kabisa. Mzee akacheka mpaka akapiga fimbo sakafuni, tukapeana mkono, akaenda zake. Ya pili sikuifungua. Nani hufungua ya pili? Stoo ilikuwa imetimia hesabu, na kwangu mimi stoo iliyotimia hesabu ni stoo nzima.

Kisha nikaanza kuhangaika. Sijui ni nini. Nilikaa, nikasimama, nikatoka uani, nikarudi. Nikawaza, je, laptopu ikianguka leo? Je, umeme ukileta mambo yake? Wakesho alikuwa na nakala ya folda ile kwenye flashi moja nyekundu, ya pekee (alijaribu kupandisha faili hizo mtandaoni, lakini mtandao wa kwetu ulizifikisha nusu ya njia ukachoka). Nikaona nakala ya flashi sasa ni ya zamani, haina mpangilio wangu mpya, na stoo haiwezi kuwa na daftari mbili zinazopingana. Nikaichomeka. Kompyuta ikaniuliza kama nataka faili mpya zichukue nafasi ya zile za zamani. Nikajibu ndiyo, kwa zote. Nikaitia flashi mfuko wa shati, nikaupapasa, roho ikatulia kidogo.

Wakesho aliporudi amechoka aliuliza, "Hukugusa?"

"Nilipangusa vumbi kwenye laptopu."

Uongo wenyewe huo. Hata hakuna vumbi. Mimi huipangusa kila siku.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazee wa Wundanyi waliketi mbele na makoti yao, wafanyabiashara wa Voi katikati, na watu wa Kasigau wakaingia mwisho, vumbi jekundu mpaka kope, wamembeba mama mdogo kwenye kiti cha plastiki kama malkia. Alikuwa amevaa leso mpya na herini. Wakamweka mwanzo wa benchi la tatu. Nilikwenda kumwamkia, nikainama, naye akanyosha mkono wake mzima, wa kushoto, akalishika sikio langu akalivuta, kisha akashika lake, akacheka. Nikamwambia, "Leo, mama. Leo utajisikia." Nilisema hivyo. Mimi.

Wakesho alieleza gemu kwa ufupi, halafu akaomba mtu mmoja ajitokeze kucheza, na nani ajitokeze ila Mama Mutheu, jirani yangu, Mkamba anayeuza sufuria na madebe sokoni, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Akashika kidude cha kuchezea, akasema kwa sauti, "Mimi kupiga debe ndiyo kazi yangu, leteni hao ndovu!" Watu wakacheka. Taa zikapunguzwa.

Mlima Kasigau ukatokea ukutani, mzuri, na ukungu wake. Sauti ikasema: "Itifaki ikizingatiwa, mimi Mwenyekiti Maghanga nawakaribisha nyote. Kaeni kwa utaratibu, simu zizimwe." Makofi. Mzee Maghanga aliinuka nusu, akapunga mkono.

Kisha jogoo akapanda juu ya paa, akanyosha shingo, akafungua mdomo.

"Itifaki ikizingatiwa, mimi Mwenyekiti Maghanga..."

Watu wakadhani ni marudio. Mimi nikadhani ni marudio. Nilijiambia ni marudio kwa nguvu zangu zote. Mbuzi akatokea, akatazama ukumbi mzima kwa yale macho yao, akasema kaeni kwa utaratibu. Hapo kicheko kikaanza, kule nyuma, kidogo kidogo. Mama Mutheu akamtembeza mkulima, na kwa kuwa kila hatua ya mguu ina sauti yake, kila alipokanyaga mwenyekiti alianza upya: "Iti... iti... iti... itifaki..."

"Mwakio!" akapiga kelele. "Mwenyekiti ameniingia miguuni!"

Ukumbi ukapasuka. Mvua ikanyesha, na kila tone lilikuwa mwenyekiti. Ndovu akatoka vichakani, mkubwa, akainua mkonga, ukumbi ukanyamaza kumsubiri, naye akatuamuru tuzime simu. Mzee mmoja wa Wundanyi (nilimwona) alizima yake kweli. Wanawake wa sokoni walikuwa wanalia kwa kucheka, wanapigana mapaja. Mzee Maghanga alikuwa amekaa wima kama mlingoti, anatazama mbele. Wakesho alikuwa amesimama kando ya laptopu, mkono mdomoni, na kisha akageuza kichwa polepole akanitafuta kwenye umati mpaka akaniona.

Na mimi hata wakati huo sikuwa na hofu ya kweli bado. Nilikuwa na aibu tu, na aibu ni kitu chepesi. Nilikuwa na flashi mfukoni.

Kisha nyanya akasimama juu ya dungu. Hapo ndipo gemu linapoanza hasa, yeye ndiye anayesema ndovu wanatoka wapi. Akaweka kiganja juu ya macho, akanyosha mkono kuelekea mlima. Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amejisogeza mbele mpaka ukingoni mwa kiti, mkono wa kushoto umeshika sikio, mdomo umefunguka kidogo, kama anayetaka kusema pamoja naye.

"Itifaki ikizingatiwa," akasema nyanya.

Watu wakacheka zaidi ya mara zote. Ndovu wakaingia shambani kutoka pande zote, kwa kuwa hakukuwa na wa kuonya, wakala mahindi, wakala kunde, wakang'oa uzio, kila mmoja akitukaribisha, na Mama Mutheu akipiga debe na kulia, "Tumekwisha! Tumekwisha, wananchi!" Mama mdogo hakucheka. Alibaki ameshika sikio. Alisubiri. Alidhani zamu yake bado.

Nikasimama. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka kuwa shujaa. Nikapita katikati ya watu nikiinua ile flashi nyekundu juu, nikisema kwa sauti ya ofisini, "Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu! Nina nakala! Nina nakala!" Watu wakanipigia makofi. Wakesho akaninyang'anya, akaichomeka, akafungua, akacheza faili moja kwenye spika kubwa za ukumbi.

"Itifaki ikizingatiwa..."

Nyingine. "Itifaki..." Nyingine. Nyingine. Sasa watu walikuwa wakiimba pamoja nayo.

Bado sikuelewa. Wallahi sikuelewa imekuwaje, kwa maana hesabu ilitimia. Nilipogeuka nirudi mahali pangu niliona mama mmoja aliyechelewa anataka kukaa benchi la tatu, pale mwanzoni karibu na mama mdogo, na benchi limejaa. Mghoi akamfanyia ishara mtu aliye mwisho kabisa, kule ukutani. Huyo akasogea. Kisha wa kando yake akasogea, kisha mwingine, na mwingine, mpaka nafasi ikafika huku mwanzoni, mgeni akakaa. Wala hakuna aliyefikiri. Watu hujua tu: ukitaka kumpisha mtu mbele ya benchi lililojaa, anayeanza kusogea ni wa mwisho.

Mimi nilianzia mbele. Nilimkalisha mwenyekiti juu ya wa kwanza, akamfuta. Kisha nikamchukua aliye kwenye nafasi ya kwanza, ambaye sasa ni mwenyekiti, nikamkalisha juu ya wa pili, akamfuta. Na wa tatu, na wa nne, mpaka mbuzi. Mia nne na kumi na mbili, mmoja mmoja, na baadaye nikafanya hayo hayo kwenye nakala pekee, kwa mkono wangu, nikijibu ndiyo kwa zote.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu, kati ya mabenchi.

Watu walipoanza kutoka, wengine walipita wakinigonga bega na kusema, "Itifaki, mzee Mwakio!" Mzee Maghanga alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga na ile fimbo, na ningeshukuru.

"Karani," akasema, "mimi niliomba kiti. Sikukuambia uwatoe watu."

Akaondoka, fimbo ikigonga sakafu.

Wakesho hakunipigia kelele. Alikuwa anakunja waya, anaukunja vizuri sana, duara baada ya duara. Aliniuliza, "Baba, kinasa sauti?"

"Nilikifuta. Siku ile ile."

"Sawa." Akakunja tena kidogo. "Ungeniambia jana. Ungeniambia tu jana niliporudi, flashi ilikuwa imeshaharibika, sawa, lakini nisingekubali nyanya aletwe hapa."

Aliibeba laptopu mpaka Mombasa kwa fundi mmoja anayesifiwa, akakaa nayo wiki mbili. Fundi alisema faili ikifutwa tu huweza kupatikana, lakini faili iliyoandikwa juu yake nyingine ni kama ukuta uliopakwa lipu mpya. Aliokota vipande, mlio wa mbuzi nusu, upepo kidogo. Mbuzi tulirekodi upya. Mvua ilikuja yenyewe. Mchungaji na majirani walirudi, wakacheka, wakasema maneno yao tena. Gemu lilitoka mwaka uliofuata, watu wanalicheza na wanalisifu, na nyanya wa kwenye dungu ana sauti ya Mghoi, sauti nzuri, lakini Mghoi alisomea Voi katika bweni, hakukaa dunguni, na mwenyewe anasema wazi kwamba ile ya kuteremka mlima haiwezi. Mimi nimeijaribu nikiwa peke yangu uani. "Shemeji, leo hatujapika." Maneno ninayo. Lakini ikifika pa kushuka, hainishukii.

Wakesho sasa ana chumba chake cha kazi karibu na kituo cha reli, na ufunguo ninao, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, lakini neno la siri la kompyuta sina, na sijaliomba. Nimerudi kupanga mawe. Nimejifunza kusema hapana. Nimemwambia hata mwenyekiti, mara mbili, na hakuna mbingu iliyoanguka. Skripti sijaandika tena wala sitaandika, na nikiona benchi limejaa mahali popote nasimama ukutani.

Nilikuwa nikienda Kasigau kila mwezi kumwona mama mdogo. Hakuna aliyemweleza kilichotokea, au labda walimweleza akakataa. Kila nilipoinama kumwamkia alinyosha mkono wa kushoto, akagusa mfuko wa shati langu, pale flashi ilipokuwa siku ile, akashika sikio lake, akanitazama akisubiri. Nikawa namwambia, "Bado, mama. Bado inatengenezwa." Miezi kumi na minne nilimwambia hivyo.

Tulimzika mwezi wa nne, mvua ikinyesha, pale pale chini ya shamba lake. Wajukuu walitaka kusikia sauti yake kabla ya kumfukia, wakanigeukia mimi, kwa kuwa walikumbuka nilimrekodi. Nikawaambia ukweli mbele ya watu wote. Alisema maneno arobaini na mawili, nikayapata yote, na hayapo tena mahali popote duniani. Niliyafuta mimi, ili mzee mmoja asiwe nyuma ya mbuzi.